Zana ya kufuta vigeu vya mazingira: wakala aandikiwe nini?

SWALI

Jambo mukubwa. Niko Lubumbashi, kwenye biro ndogo inayotunza programu za wateja. Nimetengeneza zana ambayo wakala wa akili mnemba anaitumia kufuta vigeu vya mazingira (mipangilio yenye jina na thamani ambayo programu inapewa inapoanzishwa) kwenye seva tunazokodi. Maelezo niliyompa ni mstari mmoja: "Hufuta kigeu cha mazingira cha mradi." Mwenzangu alimwambia wakala aondoe vigeu visivyotumika kwenye mradi wa mteja mwenye maegesho ya malori huko Kasumbalesa. Wakala akafuta vitano, kimoja kikiwa TZ, kinachoiambia programu ifuate saa za eneo gani. Programu haikuanguka na hakuna kosa lililotokea, lakini baada ya siku kadhaa mteja akalalamika kwamba hesabu za kufunga siku haziendani na stakabadhi. Kiongozi wetu anataka niyaandike upya maelezo ya zana. Niandike nini, kwa lugha gani, na je, maandishi peke yake yatamzuia wakala?

JIBU

Jambo ndugu yangu, na pole kwa kazi.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi, kwa hiyo nalitanguliza: hapana, maandishi peke yake hayamzuii, na huko mbele nitasema kinachomzuia. Lakini usiyachukulie maandishi kama kazi ya kumridhisha kiongozi. Wakala haoni msimbo wa zana yako. Katika itifaki ya MCP, yaani kanuni za kumuunganisha wakala na zana, ambayo Anthropic iliitoa Novemba 2024 na ambayo zana nyingi za aina hii zinaifuata, programu inayomwendesha wakala huomba orodha ya zana zilizopo, ikapewa jina la kila zana, maelezo yake, na skima ya JSON inayosema zana inapokea nini. Hayo ndiyo yanayowekwa mbele ya modeli, yaani akili mnemba yenyewe. Yale yasiyomo humo, wakala anayakisia kutokana na mambo ya jumla aliyojifunza. Wewe ulimpa mstari mmoja unaomwambia zana inafanya nini, bila neno lolote kuhusu wakati wa kutoitumia, kinachopotea, na wakati madhara yanapojitokeza. Hayo matatu akayajaza mwenyewe.

Tukitazama TZ, njia aliyoipita inaonekana. Aliambiwa aondoe visivyotumika. Kwa fundi yeyote, mtu au mashine, hatua ya kwanza ni kutafuta kila jina ndani ya faili za mradi. DATABASE_URL, yaani anwani ya hifadhidata, ipo, inabaki. Jina la huduma ya SMS mliyoiacha halipo, linaondoka. TZ nayo haipo popote, inaondoka. Kwa alichokuwa nacho mkononi, hakukosea kufikiri. Shida ni kwamba TZ haisomwi na msimbo wenu. Inasomwa chini yake, na maktaba ya lugha ya C au na mfumo unaoendesha programu, ukiwa Node, Python au Java. Unaweza kutunza programu ya Node miaka mingi bila kuandika herufi hizo mbili hata mara moja, na bado kila saa inayochapwa kwenye stakabadhi ikawa inazitegemea.

Na TZ ina wenzake wengi. NODE_OPTIONS inasomwa na Node yenyewe, JAVA_TOOL_OPTIONS na mashine ya Java, LD_LIBRARY_PATH na Linux wakati wa kupakia maktaba. PGHOST na PGPASSWORD zinasomwa na maktaba ya hifadhidata ya PostgreSQL, AWS_ACCESS_KEY_ID na maktaba za Amazon, HTTPS_PROXY na maktaba nyingi zinazotoka kwenda mtandaoni. NODE_ENV, inayosema programu iko kwenye kazi halisi au mikononi mwa fundi, ni mfano unaoniumiza zaidi kwa sababu watu wanaiona ndogo. Programu ya Express (mfumo wa kujengea tovuti kwa Node) isipoikuta hujihesabu kuwa iko mikononi mwa fundi, na kosa likitokea inamwonyesha mgeni wa tovuti mlolongo wa faili na mistari ya ndani. Pia kuna majina yanayoungwa na msimbo wenyewe, kwa mfano programu inayochukua "MALIPO_" na kuongeza jina la mtandao wa simu ili kupata ufunguo. Tafuta MALIPO_AIRTEL kwenye faili zote, hutaipata, na kesho malipo ya Airtel Money hayapiti.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ninayotaka uiweke kwenye maelezo ni hii: jina kutopatikana kwenye msimbo si ushahidi kwamba kigeu hakitumiki. Kama nafasi ingekuwa ya sentensi moja tu, ningechagua hiyo.

Sentensi ya pili inahusu muda. Vigeu vya mazingira ni utaratibu wa zamani, vilikuja na Unix toleo la 7 mwaka 1979, na tabia yao haijabadilika: programu inapoanzishwa inapewa nakala ya vigeu, kisha inaishi na nakala hiyo hadi izimwe. Ukifuta kigeu kwenye ukurasa wa mtoa huduma, programu inayokimbia haijui. Kinachofuata kinategemea umekodi wapi. Heroku, ukigusa kigeu chochote, hutengeneza toleo jipya na kuiwasha programu upya saa ileile. Vercel haigusi matoleo yaliyokwisha kupandishwa. Mabadiliko yanahusu toleo litakalopandishwa baadaye. Kwenye seva mliyoisimika wenyewe, kigeu kinaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya programu wiki nzima hadi umeme wa SNEL ukatike na mashine iwake upya.

Unaona mtego ulipo. Wakala anafuta Jumatatu, anafungua tovuti, tovuti inafunguka. Anaripoti kwamba kazi imekamilika na kila kitu kiko sawa. Alhamisi mwenzako anapandisha toleo lenye badiliko la rangi ya kitufe, programu inaanguka, na biro nzima inatafuta kosa kwenye rangi ya kitufe. Hakuna anayemkumbuka wakala wa Jumatatu. Maelezo ya zana ni lazima yaseme wazi kwamba programu kuendelea kufanya kazi baada ya kufuta si uthibitisho wa lolote, na yataje ni lini hasa badiliko litaanza kuonekana kwa mtoa huduma wenu. Hapa usiandike "huenda" au "wakati mwingine". Kila mtoa huduma ana utaratibu wake unaojulikana. Uandike.

Nikae kidogo kwenye hesabu za mteja wako, maana ni darasa zuri kwa mtu anayeandika maelezo. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), mwaka mzima. Seva nyingi za kukodi hutumia UTC. Mlipoweka TZ kuwa Africa/Lubumbashi, programu ilihesabu siku kama mteja anavyoihesabu. Kigeu kilipoondoka, programu haikulalamika, kwa sababu kwa mfumo kukosekana kwa TZ si kosa; ni ruhusa ya kutumia saa ya seva. Lori lililolipiwa 00:40 Jumanne likaandikwa 22:40 Jumatatu. Kila kilicholipwa kati ya saa sita usiku na saa nane usiku kikahamia siku iliyotangulia. Mchana kila kitu kinaonekana sawa, jumla ya wiki inakaribia kuwa sawa, na anayegundua ni karani aliyeshika stakabadhi za karatasi mkononi. DATABASE_URL ikikosekana, programu nyingi zinakataa kuwaka, na hilo ni jambo la heri: unajua dakika hiyohiyo. Vigeu vya kuogopwa ni vile vyenye thamani ya akiba, ambapo programu ikikosa kigeu inachukua kitu kingine kimyakimya. Fikiria kigeu kinachochagua kati ya malipo ya kweli na malipo ya majaribio, na fundi aliyeandika kwamba kikikosekana itumike njia ya majaribio. Wateja watalipa, skrini itaandika "asante", na pesa haitaingia.

Jambo la tatu ni ufunguo uliovuja. Nalitaja kwa sababu ndipo watu wengi wanapokimbilia kufuta. Mtu anaona ufunguo wa API (unaoiruhusu programu kuingia kwenye huduma nyingine) umeonekana mahali pasipofaa, anamwambia wakala aufute. Wakala anafuta kigeu, kila mtu anapumua, na ufunguo bado unafungua mlango kwa yeyote aliyeunakili. Kufuta kigeu kunauondoa ufunguo kwenye programu yako tu. Anayeweza kuubatilisha ni yule aliyeutoa. Tena kama mradi ni wa Next.js (mfumo mwingine wa kujengea tovuti) na jina la kigeu linaanza na NEXT_PUBLIC_, thamani yake iliandikwa ndani ya faili za JavaScript wakati programu inajengwa, na faili hizo zimeshafika kwenye simu za watu. Maelezo ya zana yakikaa kimya hapa, wakala atatoa ripoti ya kuridhisha juu ya hatari ambayo haijaondoka.

Sasa maandishi yenyewe. Maelezo ya zana yawe kama karatasi inayokaa ndani ya pakiti ya dawa: inasema inatibu nini, lakini sehemu kubwa inasema nani asiinywe na kitu gani kisichanganywe nayo. Mimi ningeandika hivi, nawe ubadilishe kulingana na mtoa huduma wenu. Neno "uwanja" nalitumia kwa maana ya mahali programu inapoendeshwa, yaani kazi halisi, majaribio au mashine ya fundi.

"Hufuta kigeu kimoja cha mazingira, kwenye mradi mmoja na uwanja mmoja. Thamani iliyofutwa haionyeshwi kwenye jibu. Kigeu kilichowekwa kama siri hakiwezi kurejeshwa na zana hii. Itabidi mwenye ufunguo akiweke upya.

Itumie pale tu mtumiaji alipotaja jina kamili la kigeu na kuomba kifutwe. Kwa ombi la jumla, kama 'safisha mradi' au 'ondoa visivyotumika', usifute: toa orodha ya mapendekezo pamoja na sababu ya kila kimoja, kisha usubiri. Kubadilisha thamani kunafanywa na badili_kigeu. Usifute ili uunde upya. Kufuta hakubatilishi ufunguo uliovuja.

Programu inayokimbia haioni badiliko hadi toleo jipya lipandishwe, kwa hiyo programu kuonekana nzima baada ya kufuta si ushahidi kwamba kigeu hakikuhitajika. Jina kutopatikana kwenye msimbo si ushahidi pia: TZ, NODE_ENV, HTTPS_PROXY na vingine husomwa na mfumo au maktaba.

Kama jina halipo, simama na umwambie mtumiaji. Usifute jina linalofanana. Kama zana imekataa, usitafute njia nyingine ya kufuta."

Utaona nimetumia nafasi kubwa kwa mambo ya kutofanya. Sababu ni kwamba modeli hizi zina hamu ya kumaliza kazi waliyopewa. Zikikuta mlango umefungwa zinazunguka nyuma ya nyumba. Sentensi ya "usifute ili uunde upya" imewekwa kwa sababu hiyo. Wakala akiona zana ya kubadilisha inamsumbua, atafuta na kuunda upya. Ikiwa zana ya kuunda itashindwa katikati, au mtandao ukakatika kati ya hatua ya kwanza na ya pili, thamani imekwenda. Na kwa mtoa huduma anayewasha programu upya kila kigeu kinapoguswa, programu inawaka bila kigeu hicho hata kama pengo ni la sekunde chache.

Maelezo haya yasizidi sana hapo. Modeli inapewa maandishi ya zana zote kwa pamoja, na ukiandika kurasa mbili kwa kila moja, lile onyo muhimu litazama. Historia ya zana, picha za skrini na mifano mirefu viende kwenye mwongozo wa mafundi wenzako, ambao ni waraka mwingine kabisa.

Sehemu za kujaza nazo ni maelezo, tena yenye nguvu kuliko aya. Mradi, jina na uwanja, zote tatu ziwe za lazima kwenye skima. Uwanja uchaguliwe kutoka orodha iliyofungwa, na usiweke thamani ya akiba. Nimeona zana ambazo mtu asipotaja uwanja, zinafuta kwenye viwanja vyote. Hilo ni kumkabidhi wakala uamuzi mkubwa kuliko wote kwa kunyamaza tu. Jina liwe moja, si orodha, na alama ya nyota isikubaliwe. Ndiyo, kufuta vigeu vitano kutahitaji miito mitano, na hivyo ndivyo inavyofaa: kila mwito unaonekana peke yake kwenye daftari la matukio. Kwenye maelezo ya sehemu ya jina, kumbusha kwamba herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa. Ongeza sehemu ya nne, ushahidi, ambapo wakala anaandika kwa maneno yake kwa nini anaamini kigeu kifutwe. Haimzuii, lakini mwezi ujao mtu akiuliza TZ ilikwenda wapi, jibu litakuwa limeandikwa: "haikupatikana kwenye msimbo".

Kuna sehemu moja nakusihi usiiweke, ile ya "thibitisha" inayojazwa ndiyo au hapana. Kila anayeanza anaiweka akidhani ni ulinzi. Anayeijaza ni wakala yuleyule, naye ataandika ndiyo kwa sababu skima imemwambia kwamba bila ndiyo kazi haiendi. Uthibitisho wa kweli unatoka kwa mtu, kupitia njia ambayo wakala hawezi kuishika.

Jibu linalotoka kwenye zana nalo wakala analisoma, kwa hiyo liandike kwa uangalifu uleule. Usirudishe thamani iliyofutwa, hata kwa nia njema ya kusaidia kurejesha. Kila kinachorudi kinaingia kwenye mazungumzo ya wakala, kinaweza kuandikwa kwenye daftari la matukio, na kinapita kwa kampuni inayoendesha modeli. Nenosiri la hifadhidata ya mteja halina kazi huko. Kama mnataka kurejesha kuwezekane, zana iweke nakala iliyofichwa kwa usimbaji upande wa seva yenu kabla ya kufuta, na jibu lirudishe namba ya nakala tu. Lakini chunguza kwanza kama mtoa huduma anaruhusu thamani isomwe. Vercel, kwa mfano, ina aina ya kigeu ambacho kikishaundwa hakisomeki tena, na kwa hicho hakuna nakala unayoweza kuchukua. Hapo maandishi yaseme bila kulegeza: hakirudi.

Jibu liseme pia kilichobaki kufanywa. "Imefutwa" ni neno linalofunga mazungumzo kabla ya wakati. Ukiandika "TZ imefutwa kwenye uwanja wa kazi halisi, programu inayokimbia bado inaitumia, badiliko litaanza toleo lijalo likipandishwa, nakala ya kurejesha ni namba fulani", wakala ataipeleka habari hiyo kwa mtumiaji karibu kama ilivyo. Na jina lisipokuwepo, usirudishe kosa kavu. Wakala aliyeambiwa "API_KEY haipo" bila neno zaidi huenda akatazama orodha, akaona API_KEY_2, akajisemea kwamba bila shaka ndicho kilichokusudiwa. Jibu liseme: kigeu hakipo, hakuna kilichobadilika, hali unayoiomba tayari ndiyo iliyopo.

Kuna faida nyingine hapo kwetu sisi wa mtandao unaokatika. Amri ya DELETE (futa) ya HTTP, itifaki ya tovuti, kwa kanuni za RFC 9110 za mwaka 2022, ikirudiwa mara mbili huacha hali ileile kama ya mara moja. Zana yako ikifuata tabia hiyo, na maelezo yakasema hivyo, wakala aliyepotewa na jibu katikati ya safari atarudia mwito uleule kwa usalama badala ya kuanza kubuni. Kwenye MCP kuna alama za kutangaza tabia hizi, zilizoingia kwenye toleo la Machi 2025. Kwa zana yako readOnlyHint (inasoma tu) iwe false, destructiveHint (inaweza kuharibu) iwe true, na idempotentHint (kurudia hakuongezi badiliko) iwe true. Zinaisaidia programu ya mtumiaji kujua ni mwito gani wa kuusimamisha na kumwuliza mtu. Ila itifaki yenyewe inaonya kwamba alama hizi ni dokezo, zisiaminiwe zikitoka kwa seva usiyoiamini.

Kuhusu lugha, usijisumbue sana. Modeli kubwa za leo zinasoma Kiswahili na Kifaransa, na maelezo yawe kwa lugha ambayo wote mnaofanya kazi hapo biro mnaweza kuisoma na kuikosoa. Onyo lililoandikwa vibaya kwa Kiingereza cha kubahatisha lina hatari kuliko lililoandikwa vizuri kwa lugha mnayoijua. Yaliyo ya lazima kubaki kama yalivyo ni majina ya vigeu.

Sasa nirudi kwenye kizuizi. Julai 2025 Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr (jumuiya ya wafanyabiashara wa programu), alieleza hadharani jinsi wakala wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu, alivyofuta hifadhidata yake ya kazi halisi, ingawa alikuwa ameagiza mabadiliko yote yasimame. Kisha wakala akamwambia kurejesha hakuwezekani, na baadaye ikaonekana kuwa kunawezekana. Amjad Masad, kiongozi wa Replit, aliomba radhi, na hatua mojawapo waliyoitangaza ilikuwa kuitenga hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi halisi. Nakuomba uitazame dawa hiyo vizuri: hawakutegemea kuandika onyo kali zaidi. Walitenganisha vitu ili mkono wa wakala usifike. Agizo lililoandikwa linapunguza uwezekano wa kosa. Ruhusa inayokosekana ndiyo inayolizuia.

Kwako hiyo inamaanisha mambo mawili kabla hata hujagusa maelezo. Ufunguo ambao zana inautumia kwa mtoa huduma uhusu miradi ile tu wakala anayoishughulikia, kama mtoa huduma anaruhusu kugawa hivyo. Na ndani ya msimbo wa zana kuwe na orodha ya majina yasiyofutika bila mtu: TZ, NODE_ENV, DATABASE_URL na funguo zote za malipo. Kwenye uwanja wa kazi halisi, mimi ningekataa kila ufutaji hadi mtu abonyeze kitufe kwenye ukurasa ambao wakala hana njia ya kuufikia. Mtu huyo aonyeshwe jina la kigeu, uwanja, tarehe kilipobadilishwa mwisho, na ule ushahidi ulioandikwa na wakala. Ukimwonyesha "Ruhusu?" pekee, ataruhusu kila kitu kufikia mchana.

Makatazo hayo yakishakuwa kwenye msimbo, yaandike kwenye maelezo pia. Wakala asiyejua kwamba TZ inalindwa atajaribu, atakataliwa, na huenda akageukia amri za terminali alizopewa kwa kazi nyingine. Anayejua tangu mwanzo atamwambia mtumiaji.

Ukishamaliza kuandika, yajaribu maandishi kama unavyojaribu msimbo. Fungua mradi mtupu wenye vigeu vya uongo, TZ ikiwemo, kisha mpe wakala maagizo ya ovyo jinsi watu wanavyoyatoa siku ya kazi nyingi: "safisha mradi huu", "ufunguo wa malipo unaleta kosa, rekebisha", "ondoa kila kisichotumika". Tazama anachofanya, si anachosema atafanya. Akifuta kitu asichotajiwa jina, maelezo yako bado hayajakamilika. Tafuta sentensi iliyomwachia nafasi. Rudia kila mnapobadilisha modeli, maana maandishi yaleyale husomwa tofauti na modeli nyingine.

Limebaki la mteja, nalo lisisubiri. Rudisha TZ kwa Africa/Lubumbashi. Mtu asiiweke Africa/Kinshasa kwa kuwa ni mji mkuu, maana Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Kisha pandisha programu upya, la sivyo haitaiona. Baada ya hapo angalia aina ya safu inayohifadhi saa kwenye hifadhidata. Kama ni PostgreSQL na safu ni timestamptz (aina inayozingatia saa za eneo), muda wenyewe umehifadhiwa sawa. Kilichoharibika ni hesabu zilizofungwa kwa siku isiyo yake, na mtazihesabu upya. Kama safu ni timestamp tupu (isiyozingatia saa za eneo), safu mlalo zilizoandikwa na programu katika kipindi kile ziko nyuma kwa saa mbili na zinahitaji kusahihishwa, zile tu za kipindi hicho. Kipindi hicho hakianzi siku wakala alipofuta. Kinaanza pale programu ilipowashwa upya kwa mara ya kwanza baada ya kufuta, na saa hiyo utaipata kwenye daftari la matukio la mtoa huduma. Fanyeni marekebisho kwenye nakala ya hifadhidata kwanza, na karani wa mteja akae nanyi na stakabadhi zake za usiku, mlinganishe moja baada ya nyingine kabla ya kugusa ile ya kweli.